Wimbo wa Mkata Karamuni

Katika nchi ya Shinyanga, Kahama na Geita ni nadra arusi kubwa kwisha pasipo kuimbwa Malaika. Keki ikisha kukatwa na maarusi wakisimama kucheza, mpiga kinanda hupunguza mwendo, mwimbaji hufumba macho, na jamaa wa pande mbili huyumbayumba vitini kwa raha. Nimeketi katika karamu hizo kwa miaka mingi, na kila mara nimeona haya mahali pa raha. Wimbo ule ni kilio cha kijana ambaye hakuoa. Maneno yake ni machache, wala hayana fumbo: kijana anampenda msichana, nia ya ndoa anayo, lakini ni mkata, na ukata wake ndio ukuta uliosimama baina yao. Kuuimba wimbo huo mbele ya baba aliyepokea mahari juzi, na mbele ya bwana arusi aliyeyatoa, ni kumwalika mposaji aliyekataliwa aje kupiga ngoma katika arusi ya aliyekubaliwa.

Nikiwaambia wenzangu hivyo hunicheka. Hunijibu kwamba Malaika ni wimbo wa watu wote, hauna mwenyewe, na kila mtu ana ruhusa ya kuuimba apendavyo. Jawabu hilo ndilo lililonitia kalamu mkononi. Nadai kwamba maneno haya, "wimbo wa watu wote", ambayo husemwa kwa nia njema kabisa, yametenda dhuluma mbili, na kwamba dhuluma hizo mbili ni tendo moja. Yamemfuta mtungaji, na yamefuta ufukara uliomfanya atunge. Kadiri jina lake lilivyofifia ndivyo na shida yake ilivyofifia katika wimbo, mpaka tukabaki na sauti tamu isiyomdai mtu chochote. Wimbo usiomdai mtu chochote hupendwa na kila tajiri.

Tuanze na yaliyo yakini. Mtu wa kwanza kuutia wimbo huu katika santuri alikuwa Fadhili William, Mkenya aliyezaliwa mwaka 1938. Aliuimba pamoja na kundi la Jambo Boys karibu na mwaka 1960. Mwaka 1963 ukanaswa upya Nairobi chini ya Equator Sound, kampuni iliyokuwa mali ya Mwingereza Charles Worrod, na santuri hiyo ya pili ndiyo iliyoupeleka mbali. Kwa kuwa sauti ya kwanza iliyohifadhiwa ilikuwa yake, hati za wimbo nazo zikamfuata Fadhili William, na kwa jina lake watu wengi ulimwenguni huujua mpaka leo.

Lakini yuko mtu wa pili. Mtanganyika Adam Salim, aliyezaliwa mwaka 1916, alidai kwamba wimbo ni wake, na kwamba aliutunga mwaka 1945 wakati alipokuwa akiishi Nairobi. Alisema aliutunga kwa ajili ya msichana aliyempenda, ambaye wazazi hawakuridhia wawe pamoja, naye akaozwa kwa mtu mwenye mali. Wako na wadai wengine wa Kenya, maana wimbo uliopata umaarufu haukosi baba wa kuukumbatia. Hao siwadharau, ila madai ya Adam Salim ndiyo yaliyosimama muda mrefu zaidi, na ndiyo ninayotaka kuyapima hapa.

Mwaka 1945 Fadhili William alikuwa mtoto wa miaka saba. Ikiwa Adam Salim alisema kweli, basi wimbo ulitembea midomoni mwa watu kwa zaidi ya miaka kumi kabla haujaingia katika santuri. Je, jambo hilo ni muhali? Hata kidogo. Mtu mnyonge wa Nairobi wa mwaka ule, Mwafrika asiye na mtaji, hakuwa na mlango wa kuingilia katika biashara ya santuri. Waimbaji wetu walikuwa wakiifuata mitambo ya kunasia sauti ilikokuwa, wala mitambo haikuwafuata wao. Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake ipate kunaswa, naye alikuwa mwimbaji mwenye sifa na jamaa wa kumsafirisha. Seuze kijana mwenye gitaa na moyo uliovunjika! Hata baada ya uhuru, bendi za Tanganyika ziliendelea kutegemea viwanda vya Nairobi ili nyimbo zao zichapwe katika sahani za santuri. Aliyekuwa karibu na mtambo aliandikwa. Aliyekuwa mbali nao alisahauliwa.

Watu hunijibu kwamba santuri ni ushahidi. Ndiyo, ni ushahidi wa koo lililoimba. Si ushahidi wa kichwa kilichotunga. Hakimu wa kijijini, ambaye hajasoma kitabu hata kimoja cha sheria, anajua kwamba mtu wa kwanza kuonekana sokoni na ng'ombe si lazima awe ndiye aliyemfuga. Mimi naona madai ya Adam Salim yana uzito mkubwa kuliko nafasi tunayoyapa, na uzito huo naupata katika wimbo wenyewe: kisa alichokieleza na kisa kilichomo katika beti ni kisa kimoja, cha kijana aliyeshindwa na fedha. Haya hayamvui Fadhili William heshima yake. Pasipo yeye tusingekuwa na cha kugombania. Alikufa Nairobi mwezi wa Februari mwaka 2001, baada ya kuishi Marekani kwa miaka mingi. Wote wawili, yule aliyesikika na yule asiyesikika, wanastahili kutajwa kila unapoimbwa wimbo huu. Badala yake siku hizi hatajwi hata mmoja.

Tazama sasa jinsi wimbo ulivyosafiri. Mwaka 1965 Miriam Makeba na Harry Belafonte waliuimba pamoja katika santuri ambayo mwaka 1966 ilipewa tuzo ya Grammy. Sitaki kueleweka vibaya juu ya Makeba. Mwanamke yule alinyang'anywa pasi na serikali ya ubaguzi ya nchi yake, alifika Kenya mwaka 1962 kuunga mkono uhuru ambao ulikuwa haujapatikana, na Kiswahili alichokiimba hakikuwa lugha ya mama yake. Uimbaji wake ni mzuri mno, na uzuri huo ndio unaonipa taabu. Katika santuri ile, nyimbo nyingine zinaililia Afrika ya Kusini iliyokuwa chini ya makaburu. Malaika umewekwa humo kama kivuli cha kupumzikia, wimbo wa mapenzi baina ya nyimbo za siasa. Kumbe nao ulikuwa wimbo wa siasa! Kijana aliyefanya kazi Nairobi katika mwaka 1945 kwa ujira wa Mwafrika, akashindwa na mahari, alishindwa na nani kama si na utaratibu uleule uliompima mtu kwa rangi yake kabla ya kumlipa? Msikilizaji wa New York hakuambiwa hivyo. Aliambiwa tu kwamba neno lile maana yake ni malaika, akatosheka.

Mwaka 1967 vijana wa Uswidi walioitwa Hep Stars, ambao mpiga kinanda wao Benny Andersson alikuja kuwa mmoja wa watu wanne wa ABBA, waliuimba kwa Kiswahili na ukapendwa sana katika nchi yao ya theluji. Mwaka 1981 Boney M., kundi lililoundwa Ujerumani na Frank Farian, nao wakautoa. Mwaka 1991 Angélique Kidjo wa Benin akautia katika santuri yake iitwayo Logozo. Wengine ni wengi, na sioni faida ya kuwapanga wote kama karani wa bohari. Neno moja linatosha: hakuna katika safari hizo aliyebadili maneno kwa nia ya kuuficha ufukara. Haikuwa lazima. Katika masikio yasiyojua Kiswahili maneno hugeuka kuwa manukato. Hatia yao ni ndogo. Hatia kubwa ni yetu sisi tunaoyaelewa maneno, tuliopokea wimbo uliokwisha kupoozwa ng'ambo, tukaanza kuuimba nyumbani kana kwamba hatujui unasema nini.

Jambo hili si geni, wala halikuanza na sisi. Watu weusi wa Marekani wana nyimbo zao za majonzi ziitwazo bluzi, na historia ya nyimbo hizo imejaa wizi wa namna hii. Mwaka 1952, katika mji wa Los Angeles, mwanamke mmoja mwenye sauti ya radi, Big Mama Thornton, alinasa wimbo uitwao Hound Dog, uliotungwa na vijana wawili weupe, Leiber na Stoller, kwa ajili ya sauti yake. Katika wimbo ule mwanamke anamfukuza mlangoni mwanamume mvivu anayekula jasho lake. Mwaka 1956 Elvis Presley akauimba kwa maneno yaliyopunguzwa na kubadilishwa, na mwanamume mvivu akageuka kuwa mbwa wa kweli. Watu milioni walicheza. Hasira ya mwanamke ilikwenda wapi? Iliondoka pamoja na jina lake. Hapa sina budi kukiri kwamba watungaji wa wimbo huo walijulikana na kulipwa; lakini kisa chenyewe kinaonyesha kwamba kumwondoa mwenye uchungu na kuuondoa uchungu ni kazi ya mkono mmoja.

Kisa cha Mbube kinatuhusu zaidi, kwa kuwa ni cha Afrika. Solomon Linda, Mzulu, aliuimba Johannesburg mwaka 1939 katika studio ya Gallo, akaachilia haki zake kwa malipo madogo. Wimbo ukavuka bahari, Wamarekani wakalisikia vibaya neno lake la Kizulu wakalifanya "Wimoweh", kisha mwaka 1961 kundi la Tokens likautoa kwa maneno mapya ya Kiingereza juu ya simba aliyelala, na mali isiyohesabika ikapatikana. Linda alikufa mwaka 1962 akiwa fukara. Hata hivyo binti zake walikwenda sheriani, wakitegemea sheria ya zamani ya Uingereza ya mwaka 1911 iliyorudisha haki kwa warithi wa mtungaji baada ya muda fulani, na mwaka 2006 wakapata suluhu. Waliwezaje? Waliweza kwa sababu jina la baba yao lilikuwa limeandikwa juu ya santuri ya kwanza. Jina lile, ambalo halikumpa Linda mlo katika uhai wake, liliwapa binti zake pa kusimama. Warithi wa Adam Salim wangesimama wapi? Santuri ya kwanza haimtaji.

Msomaji ataniuliza, mambo ya Los Angeles na Johannesburg yanatuhusu nini sisi watu wa Usukumani? Yanatuhusu kwa kuwa sisi, miongoni mwa watu wote, ndio tusio na udhuru. Sisi tunayo mila inayojua namna ya kuuhifadhi wimbo pamoja na mwenyewe.

Usukumani wimbo hauzaliwi yatima. Mtungaji, ambaye huitwa ningi, hujitaja ndani ya utungo wake: jina lake, jina la mzazi wake, na aghalabu mahali alipotoka. Ng'wana fulani, wa kijiji fulani, ndiye asemaye haya; mwenye kinyongo na amfuate. Vyama vyetu viwili vikubwa vya ngoma, Bagika na Bagalu, vyenyewe vimebeba majina ya waanzilishi wao, Ngika na Gumha, watu waliokufa zamani sana. Baada ya mavuno vyama hivyo husimama uwanja mmoja, kila kimoja upande wake, na watazamaji huamua kwa miguu: upande uliovuta watu wengi ndio ulioshinda. Katika vita ya namna hiyo jina la mtungaji ni silaha. Watu huja kumsikiliza fulani, si kusikiliza sauti inayoelea hewani bila kichwa.

Tena nyimbo hizo hazifungwi kabatini. Huazimwa, huigwa, huimbwa upya na watu ambao mtungaji hakuwajua. Nimesikia kwa masikio yangu mwenyewe vijana wa jembe wakiimba wimbo wa ningi aliyekufa kabla hawajazaliwa, na jina lake lingalimo katikati ya ubeti, maana ukilitoa mizani inavunjika na majembe yanagongana. Hiyo ndiyo hekima iliyofichika katika desturi ile. Wazee hawakusubiri Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Walilishona jina katika nguo yenyewe, ili mwizi akivaa nguo amtangaze mwenye nguo.

Kwa hiyo mtu aliyelelewa katika mila hiyo anaposimama mbele yangu na kusema kwamba Malaika hauna mwenyewe, nauliza: tangu lini sisi tukawa watu wa kuimba nyimbo zisizo na wenyewe? Je, kwa kuwa umeimbwa kwa Kiswahili na si kwa Kisukuma? Au kwa kuwa umetujia kupitia redio na sahani za wageni, tukadhani vitu vitokavyo redioni havizaliwi na mama?

Sasa nije kwenye dhahabu, maana huko ndiko nilikojifunza kuusikia wimbo huu.

Dhahabu ya Geita ilijulikana tangu siku za Wadachi. Mgodi mkubwa wa wakati wa Waingereza ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 mpaka ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mpya wa kampuni, wenye mashimo mapana kama mabonde, ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Upande wa Kahama ukafuata wa Bulyanhulu mwaka 2001, na Buzwagi mwaka 2009, ambao umekwisha fungwa. Pembezoni mwa makampuni hayo, katika Nyarugusu, Rwamgasa na machimbo mengine mengi, wako wachimbaji wadogo, na wengi wao ni vijana wa Usukumani. Ukiwauliza kilichowatoa kwao, baadhi watakuambia ukame, baadhi pamba isiyo na bei. Wengi, wakisha kukuzoea, watakuambia mahari.

Kwetu mahari ni ng'ombe. Hans Cory, aliyezikusanya sheria na desturi za Wasukuma katika kitabu cha mwaka 1953, aliyapa mambo ya ng'ombe wa ndoa nafasi kubwa, na hakukosea, kwa kuwa katika ng'ombe hao umo ukoo mzima: nani ni mtoto wa nani, nani atazikwa wapi, nani atarithi nini. Kijana ambaye baba yake ana zizi huoa akiwa na umri wa kuoa. Kijana ambaye zizi la baba yake limekwisha kwa ukame au kwa ugonjwa huchukua sururu akaenda kwenye dhahabu. Hushuka katika duara kwa kamba, hupasua mwamba kwa nyundo na tindo, hupandisha mawe katika viroba. Mawe husagwa, unga huoshwa kwa maji juu ya mwalo, zebaki hukusanya chembe, moto hufukuza zebaki, na kinachobaki ni kipande ambacho mara nyingine hakizidi punje ya mahindi. Kabla mchimbaji hajakishika, kimekwisha gawanywa: mwenye leseni ana fungu lake, mwenye duara ana lake, mwenye kinu ana lake. Ndipo wenye kushuka shimoni hugawana kilichobaki. Na kipande kile kikisha kuuzwa na kuyeyushwa pamoja na vingine, hakuna mtu duniani awezaye kusema hiki kilitolewa na nani.

Usiku mmoja, miaka kadhaa iliyopita, nilikuwa Rwamgasa kwa shughuli zangu za kukusanya nyimbo. Kijana mmoja, amekaa juu ya kiroba cha mawe, alianza kuimba Malaika bila ala yoyote. Hakuuimba polepole. Aliuimba kwa mwendo wa mtu anayetembea, na alipofika pale kijana anapolia juu ya fedha alirudia, akarudia tena, na wenzake wakaangua kicheko. Nilikuwa sijapata kusikia watu wakiucheka wimbo ule. Nikauliza kinachowachekesha. Mmoja akanijibu, "Mwalimu, huyu alikosa duara tu. Angekuja huku." Mwingine akasema, "Angekuja huku angelia zaidi." Wakacheka tena, kisha wakanyamaza kwa muda.

Katika maisha yangu yote, hiyo ndiyo mara niliyousikia wimbo huo mzima. Haukuwa na fidla, haukuwa na taa za rangi, na mwimbaji alikuwa na kikohozi. Ila ulirudi mahali ulikozaliwa, kwa mtu anayehesabu ng'ombe asio nao. Wala vijana wale hawakuhitaji msomi wa chuo kuwaeleza kwamba wimbo unahusu mali. Wao ndio walionieleza mimi, nami nilikuwa nimeusikia tangu utotoni.

Yako majibu matatu ambayo hutupiwa, na sitayakimbia. La kwanza ni kwamba Malaika umekipa Kiswahili sifa duniani. Ni kweli, na nafurahi. Lakini sifa ya lugha ni kusikika inasema nini. Lugha inayosifiwa kwa utamu wa sauti peke yake imesifiwa kama ndege, na ndege haulizwi maoni yake. La pili ni kwamba sanaa haina mipaka. Neno hilo nimelisikia likisemwa zaidi na wauzaji kuliko na watungaji. Dhahabu nayo haina mipaka; inatoka Geita asubuhi, na kabla ya juma kwisha imekwisha fika mahali ambapo hakuna anayelijua jina la Geita. Kusafiri kwa kitu hakuondoi swali la kimetoka kwa nani. Ila kuna tofauti, na tofauti hiyo ndiyo tumaini langu. Dhahabu ikiyeyushwa humpoteza mchimbaji moja kwa moja, hata kwa kutaka huwezi kumrudisha. Wimbo hauyeyuki namna hiyo. Pumzi moja tu ya mwimbaji kabla ya ubeti wa kwanza inatosha kumrudisha mwenyewe.

La tatu ndilo gumu. Huambiwa: kwa kuwa wadai ni zaidi ya mmoja, na wakuu wa kesi wamekwisha kufa, kuwataja ni kuchokonoa ugomvi uliolala, heri wimbo ubaki wa watu wote. Mimi naona kinyume. Palipo na wadai wawili, haki ni kuwataja wawili. Baraza la wazee lililoletewa ng'ombe mmoja na watu wawili halikupata kutoa hukumu kwamba ng'ombe achinjwe na kuliwa na kijiji kizima. Hukumu ya namna hiyo ingewapendeza wanakijiji wote isipokuwa wale wawili, na ndiyo tuliyoitoa katika kesi ya Malaika. Tumekula, tumeshiba, na sasa tunawaambia wenye ng'ombe kwamba nyama ilikuwa ya watu wote.

Ninachokitaka ni kidogo, wala hakihitaji fedha. Mtangazaji wa redio anayeupiga wimbo huu amtaje Fadhili William aliyeuimba kwanza katika santuri, na amtaje Adam Salim aliyedai kuutunga mwaka 1945, bila kumkata mmoja ili habari iwe fupi. Mwalimu wa shule anayewafundisha watoto kuuimba awaulize kijana yule analia nini, na asikubali jibu la "mapenzi" mpaka wamefika kwenye mali. Na wapiga muziki wa arusini wautoe katika karamu, au kama hawawezi kuutoa, wauimbe kwa haki yake, yaani kama wimbo wa mtu aliyebaki nje.

Mwaka jana nilialikwa katika arusi moja ya Kahama. Nilimwita mwimbaji kando kabla zamu yake haijafika, nikamwomba ayataje majina hayo mawili. Akaniuliza ni ya akina nani. Nilipomwambia, alisema alidhani wimbo ni wa Makeba. Hakuwa na karatasi, nami sikuwa nayo, basi nikamwandikia nyuma ya kadi yangu ya mwaliko. Alipopanda jukwaani alilisoma jina la kwanza vizuri. La pili lilikuwa limefutika kidogo kwa jasho la mkono wake. Akaisogeza kadi karibu na taa, akalitafuta, akalisoma. Mjomba wa bibi arusi, aliyeketi karibu nami, akaniinamia akauliza, "Hao ni wafiwa wa upande gani?"